Jibu: Kampuni za dawa zimeshadanganya, kwa nini niamini matone ya polio?

Mkuu, umetaja Kano, jimbo la kaskazini mwa Nigeria, kama sababu ya kumkatalia mwanao matone ya polio. Sawa, ila umechanganya mambo mawili.

Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, Pfizer iliwafanyia majaribio ya dawa ya Trovan watoto wapatao 200 huko Kano. Kumi na mmoja walifariki (5 waliopewa Trovan, 6 waliopewa dawa ya kulinganishia), na familia zikalalamika kwamba hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi, na anayekuita mjinga akasome kwanza. Lakini Trovan ni antibayotiki, si chanjo.

Chanjo ya polio Kano waliisimamisha 2003, kwa uvumi kwamba inaua uzazi. Wakairuhusu tena 2004, baada ya kupata iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Virusi havikuwasubiri: kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisambaa nchi nyingi zilizokuwa zimeshaitokomeza polio, na 2005 vikafika hukohuko Indonesia!

Haki ya mzazi kuhoji naitetea kabisa. Mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa: tarehe ya mwisho wa matumizi, na ile alama ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, kataa hicho kichupa, udai kingine.