Maswali na Majibu: Duara jeusi halitoi nusu mwezi

Swali: Shikamoo Mkufunzi. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Nne hapa Ujiji. Nimetengeneza na wanafunzi wangu zana ya mwezi: duara jeupe la manila, na juu yake duara jeusi la ukubwa uleule linaloteleza, ili waone mwezi unavyokua na kupungua. Mwezi mwandamo unatoka vizuri. Nusu mwezi haitoki. Kila nikisogeza naona kitu kilichomegwa pembeni tu. Halafu mtoto mmoja akaniambia mwezi wetu wa darasani umesimama, wakati ule wa ziwani unalala kama mtumbwi. Naomba unielekeze namna ya kulikata hilo duara jeusi.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hakuna namna ya kulikata. Ukingo wa duara ni upinde, na duara likiteleza juu ya lenzake upinde huo huingia ndani ya sehemu nyeupe siku zote. Nusu mwezi ya kweli imekatwa kwa mstari ulionyooka. Siku zinazofuata mstari ule unabinuka kwenda nje, na mwezi unaonekana umevimba pande zote mbili. Ukilikata jeusi liwe mraba, nusu mwezi utaipata, lakini mwandamo utakupotea. Umbo linakataa kwa sababu zana yenyewe inasema jambo lisilo la kweli: kwamba kuna kitu kinakuja kuufunika mwezi.

Sasa mtoto akikuuliza hicho cheusi ni nini, utamjibuje? Najua jibu linalotolewa, maana nalisikia kila mahali ninapokwenda kusimamia mazoezi ya kufundisha: "Ni kivuli cha dunia." Nimelisikia kwa walimu tarajali, kwa wazazi, hata kwa wanafunzi wa sekondari waliofaulu mtihani wa jiografia. Linaniumiza kwa sababu mtoto wa Ujiji anaweza kulikanusha kwa macho yake bila kitabu.

Mpeleke ufukweni siku ya saba hivi baada ya mwezi kuandama, karibu na saa 1 jioni. Jua linagusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nusu mwezi iko juu ya utosi. Muulize: kivuli chako kimelala upande gani? Atakuonyesha mashariki, upande wa Uvinza. Na kivuli cha dunia kimeelekea hukohuko, mbali na jua. Mwezi uko juu ya kichwa chake, kivuli kiko nyuma ya mgongo wake. Kinaufunikaje?

Jua huangaza nusu ya mwezi wakati wote, na nusu ya pili huwa gizani. Kinachobadilika ni kiasi gani cha ile nusu yenye mwanga kinatutazama sisi, kadiri mwezi unavyotuzunguka. Mzunguko huo, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua takribani siku 29 na nusu.

Kivuli cha dunia kina siku zake, na siku hizo zina jina: kupatwa kwa mwezi. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na kwa saa zetu ulikuwa ndani ya kivuli kizima kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, mwekundu badala ya mweupe. Tangu kivuli kilipoanza kuumega hadi kilipoutoka zilipita kama saa tatu na nusu. Na angalia: ulikuwa mwezi mpevu, kwa sababu kivuli hakiwezi kuufikia mwezi siku nyingine yoyote. Duara lako jeusi mahali pake ni kwenye somo hilo, na hapo nalo lazima ulikate kubwa zaidi, upana wake uzidi mara mbili na nusu ya ule wa duara jeupe, maana ndivyo kivuli cha dunia kilivyo pale kinapokutana na mwezi.

Wanafunzi werevu watauliza kwa nini basi mwezi haupatwi kila ukipevuka. Michoro ya vitabuni ndiyo inayowachanganya, kwa sababu inauweka mwezi jirani kabisa na dunia. Toka nao uwanjani na rula. Mwezi uwe mpira wa karatasi wa sentimita 3, dunia iwe mpira wa sentimita 11, na kati yake pima mita 3 na sentimita 30. Njia ya mwezi imeinama kama digrii 5, kwa hiyo kwa vipimo hivyo mwezi mpevu unaweza kupita karibu sentimita 30 juu au chini ya kivuli, na kivuli chenyewe pale kina upana wa sentimita 8 tu. Wakishapima wenyewe, watashangaa kwamba mwezi unapatwa hata mara moja.

Sasa zana. Kata ukanda wa boksi wenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa kiganja, uukunje uwe tao la nusu duara, ncha zake uzifunge kwenye meza kwa selotepu, moja upande wa magharibi na nyingine mashariki. Finyangeni mipira mitano ya karatasi za daftari kuukuu, kila mmoja kama limau, muizungushie karatasi nyeupe. Nusu ya kila mpira ipakwe mkaa au maka peni, na mstari wa katikati uwe mkali. Ibandikeni ndani ya tao: wa kwanza juu kidogo ya ncha ya magharibi, wa pili katikati ya huo na kilele, wa tatu kileleni, wa nne katikati ya kushuka, wa tano kwenye ncha ya mashariki. Msiitundike kwa uzi, itazunguka.

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu, kwa hiyo nisomee taratibu. Upande mweupe wa mipira YOTE uelekee magharibi, hata ule wa kileleni. Usiugeuze umtazame mtoto. Jua liko magharibi jioni hii, na liko mbali kiasi kwamba mwanga wake unaipiga mipira yote kutoka upande mmoja. Mtoto apige magoti, jicho liwe usawa wa meza katikati ya tao, afumbe jicho moja, aanze kutazama kutoka magharibi.

Mpira wa kwanza utampa ukingo mwembamba mweupe upande wa chini. Hapo yule mwanafunzi wako atapiga kelele, kwa sababu ataona mtumbwi wake. Kileleni ataona nusu mwezi yenye mstari ulionyooka kutoka kaskazini kwenda kusini, na mashariki mwezi mpevu unaochomoza jua likizama. Ukitaka siku za mwezi unaopungua, ligeuze tao zima ili weupe uelekee mashariki, uwaambie sasa ni alfajiri: mpevu unazama ziwani, nusu iko utosini, na ule mwembamba unatangulia jua.

Mtoto huyo alikuwa sahihi, Mwalimu, na ningependa umwambie hivyo mbele ya wenzake. Kigoma iko kama digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua na mwezi huzama karibu wima, kwa hiyo mwandamo hukaa juu ya jua lililozama na kumulikwa kutoka chini. Huinama kidogo upande mmoja mwezi Machi na upande wa pili Septemba, basi. Mwezi uliosimama wa kwenye chati ni wa watu wa London, wanaouona mwezi mchanga umemulikwa kulia. Wa Cape Town wanauona umemulikwa kushoto.

Na hizo chati ndizo ninazotaka kuwaonya walimu wote, si wewe peke yako. Ikitangazwa kwamba wathibiti ubora wa shule wanakuja, wauzaji wa zana wanazijaza shule karatasi zinazong'aa zilizonakiliwa kutoka intaneti. Zimeandikwa "mwanga kulia, mwezi unakua, mwanga kushoto, unapungua." Ukutani zinapendeza. Hapa kwetu kanuni hiyo haifanyi kazi: nusu mwezi ikiwa utosini, kulia na kushoto kunategemea umesimama ukitazama wapi. Fundisha magharibi na mashariki. Mwezi unaokua humulikwa upande wa magharibi, unaopungua upande wa mashariki, popote mtoto atakaposimama.

Zipo pia video za dakika mbili kwenye simu, mtu anatelezesha sahani juu ya sahani na kusema somo limekwisha. Haliwezi kwisha kwa dakika mbili. Mzunguko mmoja unadai karibu mwezi mzima wa kutazama, na mwalimu anayeuruka anawanyima watoto ushahidi walio nao nyumbani. Muulize mtoto wa mvuvi wa Kibirizi kwa nini taa za dagaa hupungua ziwani mwezi ukipevuka, na kwa nini siku kumi baadaye baba yake amerudi kazini mapema usiku. Atakueleza kwamba mwezi sasa unachelewa kutoka. Unachelewa kama dakika 50 kila siku, na hilo tao lako litamwonyesha sababu.

Akija muuzaji shuleni kwenu, kabla mkuu wa shule hajatia saini, mwambie akutolee nusu mwezi yenye mstari ulionyooka kwa zana yake, kisha akuonyeshe jua liko upande gani wa chati. Mengi ya makaratasi hayo hayana jua kabisa. Chati ya mwezi isiyo na jua msiinunue, hata kwa shilingi mia tano.