Ndege ya rais itatua wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, ni sawa nchi maskini imnunulie kiongozi wake ndege ya mamilioni ya dola? Najibu kutoka Goma. Nimepakia mizigo kwenye ndege kwa miaka tisa katika uwanja wetu, ndeke kama tunavyoziita huku, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono.

Nianze kwa kukubali jambo moja. Kiongozi wa Kongo lazima apande ndege. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 na hakuna barabara ya kukufikisha. Anayetaka rais aje kwetu kwa gari hajui nchi hii. Lakini nikisikia serikali fulani imenunua ndege ya mkubwa, siulizi bei kwanza. Nauliza itatua wapi.

Swali hilo nilifundishwa na rubani mmoja mzee tuliyekuwa tukimwita komanda, kama wanavyoitwa marubani wote huku. Tulikuwa tukimpakilia Let 410, ndege ndogo ya propela mbili, inayokwenda Walikale, huko msituni magharibi ya Goma. Tuliweka sabuni, bia, chumvi, maharagwe na mabati, na ikirudi ilileta magunia ya kasiterite, yaani mawe yenye madini ya bati, mazito kiasi kwamba gunia dogo linamtoa jasho kijana mwenye nguvu. Walikale hapakuwa na uwanja wa maana. Ndege zilitua Kilambo, barabarani kabisa, kwenye kipande cha lami ambacho pikipiki na wanawake wenye mizigo mgongoni walikipisha wakisikia mngurumo. Siku moja nilikwenda naye. Tulipotua, kabla ya kuruhusu gunia hata moja lipande, komanda alitembea peke yake mpaka mwisho wa pisti, yaani ile njia ya ndege kutulia na kurukia. Mvua ilikuwa imenyesha. Alikuwa akisimama, anabonyeza udongo wa kando kwa kisigino, anainama, anatazama alama ya kiatu ilivyozama, kisha anaendelea. Aliporudi alisema, “Punguzeni magunia manne.” Mwenye mali alilia, akabembeleza, akataja hasara. Komanda akamjibu, “Baba, pisti ndiyo inayosema, si mimi.” Magunia manne yakabaki.

Tangu siku ile naiangalia kila ndege kwa jicho la pisti. Sasa tazameni ndege ambazo serikali zetu zinapenda. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Rais Mkapa, ilinunua ndege ya jeti, Gulfstream G550, kwa zaidi ya dola milioni 40, na waziri wake wa fedha, Basil Mramba, akakumbukwa kwa kusema kwamba hata ikibidi wananchi wale nyasi, ndege itanunuliwa. Uganda nayo ilimnunulia Rais Museveni ndege ya aina hiyohiyo kwa dola takribani milioni 48. Ni ndege nzuri, silikatai hilo. Inaruka kama kilomita 12,500 bila kutua. Lakini inataka lami ndefu, laini na safi, kwa sababu jiwe dogo likiingia kwenye injini ni hasara ya kutisha. Kilambo haiwezi kwenda. Viwanja vya udongo na changarawe, ambavyo ndivyo vingi katika nchi zetu, haivitaki.

Basi ndege yenyewe inatwambia imenunuliwa kwa safari gani. Masafa ya kilomita 12,500 ni ya kwenda Ulaya, Marekani na China. Mwenye nia ya kuwafikia watu wa wilaya za mbali ananunua ndege ya propela inayovumilia changarawe, kama Cessna Caravan, ambayo hata ikiwa mpya haifiki dola milioni 5. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bei. Mama wa kijijini amechangia kodi yake kila aliponunua chumvi, na ndege iliyotoka katika kodi hiyo haitakanyaga kwao maisha yake yote.

Sisi Wakongo tumelipitia hilo mapema. Rais Mobutu alijenga Gbadolite, katikati ya msitu, pisti ya zaidi ya kilomita 3, ili hata Concorde, ile ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, aliyokuwa akiikodi Ufaransa iweze kutua nyumbani kwake. Pisti ndefu kama ile, na vijiji vilivyo karibu nayo havikuwa na barabara ya maana. Mwezi wa Mei 1997 alikimbilia hukohuko, na akaondoka kwa ndege ya mizigo huku askari wake mwenyewe wakiipiga risasi. Wazee wetu bado wanaisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini.

Niseme sasa habari ya pisti yetu, maana ndiyo inayonifanya niandike usiku huu. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava iliteremka mpaka uwanjani na kufunika karibu theluthi ya pisti. Ilikuwa na mita 3,000 hivi, zikabaki kama 2,000. Na Goma iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa lava, upande wa pili kulikuwa na Birere, soko na nyumba za watu. Kila mfanyakazi wa uwanjani alilijua hilo. Miaka ikapita.

Tarehe 15 Aprili 2008, mchana, DC-9 ya abiria iliyokuwa ikienda Kisangani ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao hawakuwa abiria, walikuwa wakiuza na kununua. Mama yangu mdogo alikuwa na meza ya maharagwe pale. Alikuwa amevuka njia kutafuta chenji ya noti ya dola tano. Dakika hizo chache ndizo zilizomwokoa. Nilimkuta jioni amekaa chini kwenye mawe, noti ile bado iko mkononi, ameikunja mpaka imekuwa kama kijiti. Jirani yake wa meza hakuonekana tena. Mwaka 2019, tarehe 24 Novemba, ndege nyingine ndogo iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, hapa Goma, mara tu baada ya kuruka, ikaua zaidi ya watu 25.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja wa Goma. Linganisheni na ile ndege ya Uganda, milioni 48. Ndege moja ya kiongozi mmoja inakaribia kuwa sawa na fedha za kuuponya uwanja wa mji mzima. Na sisi tulingoja miaka kumi na mitatu baada ya lava mpaka fedha hizo zikapatikana, tena kwa wageni.

Kisha kuna gharama ambazo hazitajwi siku ya kukata utepe. Ndege ikikaa tu chini ya paa inakula: marubani wake, mafundi waliosomeshwa nje, bima, vipuri, ukaguzi unaokuja kwa kalenda hata kama haijaruka. Ikiruka, Gulfstream ya aina hiyo inakunywa mafuta kama lita 1,500 kwa saa. Ukiichoka, huwezi kurudishiwa fedha zako. Malawi ilinunua Falcon 900EX mwaka 2009 kwa dola kama milioni 22, Uingereza ikapunguza msaada wake kwa hasira, na Rais Joyce Banda alipoiuza mwaka 2013 alipata milioni 15, ambazo nazo zikazua mabishano juu ya zilivyotumika. Mexico ndiyo iliumia zaidi: Boeing 787 iliyogharimu milioni 218 iliuzwa kwa Tajikistan mwaka 2023 kwa milioni 92 hivi.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Ndege za hapa kwetu si salama, hata kwa wakubwa. Tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov 72 iliyotoka hapahapa Goma ikiwa na gari la Rais Tshisekedi na baadhi ya watu wake ilianguka katika mkoa wa Sankuru. Rais mwenyewe alikuwa amesafiri na ndege nyingine. Tena mashirika yetu ya ndege yako kwenye orodha ya kukatazwa anga la Ulaya tangu 2006, kwa hiyo rais wetu akialikwa Brussels hawezi kwenda na ndege ya shirika la nchi yake. Ni aibu kwetu sote. Lakini dawa ya aibu hiyo ni wakaguzi wanaolipwa vizuri, wasiohongeka, wenye uwezo wa kuifungia ndege mbovu ya mtu yeyote. Ukimpa kiongozi ndege yake ya peke yake, siku hiyohiyo anaacha kuhofia ndege tunazopanda sisi. Angekuwa anapanda zilezile, ukaguzi ungetengenezwa haraka.

Uwanja wetu ulifungwa kwa abiria vita ilipofika mjini mwishoni mwa Januari 2025. Mikono yangu haipakii tena. Anayetaka kwenda Kinshasa anavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, anakwenda Kigali, anaizunguka nchi yake kwa nje kama mgeni. Mama mdogo bado anauza Birere.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kiongozi apewe ndege, lakini kwanza bei yake isomwe bungeni kwa sauti, pamoja na gharama ya kila mwaka kwa miaka kumi. Kama ni safari chache za nje, ikodiwe. Na karatasi hiyo ya bei iambatane na orodha ya viwanja vyote vya nchi ambavyo ndege hiyo inaweza kutua, kimoja kimoja kwa jina. Nitaisoma mwenyewe, na nitatafuta kama Walikale imo.