Masikio na kizunguzungu: vipimo vya pale pale kitandani

Msg nyingi safari hii zinahusu wagonjwa ambao hawawezi kubebwa hadi kwenye kile chumba cha kupimia masikio kisichopitisha kelele, na familia zinaambiwa zisubiri kwanza apate nafuu. Mi huko kusubiri sikukubali, maana vipimo vingi vya masikio na vya balansi vinamfuata mgonjwa pale alipolala.

Shikamoo dokta. Baba kalazwa wiki ya pili anachomwa gentamaisini, jana kuinuka tu kwenda chooni akayumba, anasema akitembea ukuta unarukaruka machoni. Wodini wanasema ni udhaifu tu. – Morogoro

Marahaba. Udhaifu wa kuugua haurushi ukuta. Gentamaisini, hiyo dawa ya kuua bakteria, inaweza kuua seli za ndani ya sikio na mara nyingi inaanza na zile za balansi, ndo maana mtu anaweza kusikia vizuri kabisa huku gizani hawezi kupiga hatua, na hizo seli zikishakufa hazioti tena. Kipimo chake hakihitaji hata umeme: inabandikwa ile chati ya herufi ya kupimia macho, anasoma mstari mdogo kabisa anaouweza akiwa katulia, alafu daktari anasimama nyuma yake anamtikisa kichwa kidogo kidogo kulia kushoto, kama mara mbili kwa sekunde, na yeye anaendelea kusoma. Mzima anapoteza mstari mmoja hivi, akipoteza mitatu au zaidi hapo kuna shida. Kingine, anaambiwa aangalie pua ya daktari na kichwa kinageuzwa ghafla lakini kidogo tu: macho ya mzima yanabaki puani, ya mgonjwa yanaenda na kichwa alafu yanaruka kurudi. Asifanyiwe kama ana tatizo la shingo. Mwambieni daktari leo leo, kwa maneno hayo hayo ya ukuta kuruka, na muulize figo zimepimwa lini, maana ndo zinazoitoa hiyo dawa mwilini. Ila dawa msiikatishe wenyewe, hayo maambukizi nayo yanaua, daktari ndo aamue kama anabadilisha.

Nikigeukia kulia kitandani nyumba nzima inazunguka, haifiki dakika inaisha. Nimeandikiwa MRI, ile picha ya kichwa, na hela sina. – Tanga

Pole sana. Unavyoeleza hivyo, kwanza uombe kipimo cha Dix-Hallpike, kimeelezwa London tangu 1952 na kinataka kitanda tu na mtu anayejua kuangalia macho: unalazwa haraka, kichwa kimegeuzwa na kuning'inia kidogo, macho yakianza kuchezacheza basi ni vichembe vya chokaa vimehama mahali pake ndani ya sikio. Tiba ni hapo hapo, zoezi la Epley, kichwa kinazungushwa hatua kwa hatua mpaka vile vichembe virudi, na wengi wanapona bila kidonge hata kimoja. Inaniuma mtu kuuza mbuzi alipie picha kabla hajalazwa hivyo mara moja. Lakini kizunguzungu kisichokatika masaa na masaa, au chenye kuona viwiliviwili, ulimi mzito, au kushindwa kusimama kabisa, hicho ni cha kukimbizwa emajensi kwa sababu kinaweza kuwa kiharusi.

Mtoto wangu njiti bado yuko wodini, wanasema watampima kusikia, atajibuje? – Dodoma

Hatakiwi kujibu, akilala ndo vizuri zaidi. Kuna kimashine cha kushika mkononi, kinapeleka sauti sikioni na sikio zima linarudisha mwangwi mdogo sana ambao kinaunasa. Ila mtoto aliyekaa muda mrefu kwenye uangalizi maalumu uliza pia kile kipimo cha waya za kubandika kichwani kinachofuata sauti hadi kwenye ubongo, maana anaweza kupita cha kwanza na bado mshipa wa fahamu wa kusikia una shida. Tatizo lijulikane kabla hajafika miezi mitatu, msaada uanze kabla ya sita.

Apu za simu za kupima masikio zinaaminika? – Mombasa

Kuchuja, ndio. WHO, shirika la afya duniani, walitoa apu ya hearWHO mwaka 2019, bure, unavaa hedifoni unasikiliza tarakimu kwenye kelele. Zima feni na TV. Itakuonya kwamba usikivu umeshuka, haikwambii kama ni nta au ni mshipa, hiyo ni kazi ya mtu kuchungulia sikio.

Nimeamka sikio moja limeziba ghafla, nimewekewa matone ya nta, siku ya nne hamna kitu. – Kigoma

Funga mdomo uvumishe mmmm. Sauti ikienda kwenye sikio bovu, huenda ni nta au maji. Ikikimbilia zima, yawezekana ni mshipa, na dawa zake za steroidi zinafanya kazi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Wodini wanapima hivyo kwa kile chuma cha kugonga kikavuma, wanakiweka katikati ya paji la uso. Wewe usingoje Jumatatu, na ukifika sema wazi kwamba lilizima ghafla.