Kikokotoo kilichojaa giza juani

SWALI: Ndugu Mhariri, wiki iliyopita nilisahau kikokotoo cha dukani ndani ya gari, juani, tangu saa nne hadi saa nane mchana. Nilipokichukua, kioo chake kilikuwa cheusi chote na namba hazikuonekana. Nilipokiweka kivulini kwa muda, kilirudi kama kawaida. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema ndani yake mna fuwele za kimiminika. Fuwele nizijuazo mimi ni za chumvi na sukari, nazo ni ngumu. Inawezekanaje fuwele ikawa kimiminika? Je, nimekiharibu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hukukiharibu, ndugu msomaji, ingawa ukirudia mara nyingi joto litachakaza utando uliobandikwa juu ya kioo. Mwanao naye amesema kweli.

Katika punje ya chumvi kila chembe imekaa mahali pake. Katika maji molekuli huzunguka bila mpango. Ziko molekuli nyembamba na ndefu ambazo, kati ya hali hizo mbili, hupitia hali nyingine, ndiyo fuwele ya kimiminika: huteleza na kubadilishana nafasi kama maji, lakini zote hubaki zimeelekea upande mmoja. Tazama kundi la dagaa majini: hakuna samaki anayetulia, lakini wote wameelekea kumoja.

Aliyeligundua jambo hili alikuwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, aliyefanya kazi Prague. Mwaka 1888 alipasha moto kemikali iliyotokana na kolesteroli, akaona inayeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi na kuwa kimiminika chenye ukungu, kisha kwa nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla. Kitu kimoja kuyeyuka mara mbili! Alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, ambaye kwa hadubini yake yenye kipasha joto alithibitisha kwamba ule ukungu ulikuwa na mpangilio wa fuwele.

Katika kikokotoo chako, molekuli za namna hiyo zimewekwa kati ya vioo viwili zikiwa zimejipinda kama ngazi ya mzunguko, nazo huuzungusha mwanga ili upenye tando mbili ambazo bila hivyo zingeuzuia. Umeme ukipita penye namba, molekuli hunyooka na mahali hapo huwa peusi. Joto la gari liliuvunja mpangilio wote, mwanga ukazuiwa kila mahali. Kilipopoa, molekuli zilijipanga upya zenyewe. Kujipanga huku bila mkono wa mtu ndiko kunakonivutia zaidi katika taaluma ya fuwele hizi.

Polima, yaani molekuli zilizounganishwa kuwa minyororo mirefu, nazo huweza kufanya hivyo. Mwaka 1965, katika maabara ya DuPont nchini Marekani, Stephanie Kwolek alipata myeyusho wa polima uliokuwa mwepesi na wenye ukungu, wakati wenzake walizoea myeyusho mzito na mwangavu. Fundi wa mashine ya kusokota nyuzi alisita kuupokea, akihofia ungeziba matundu. Kwolek alishikilia hadi akakubaliwa. Ukungu ule, kama wa Reinitzer, ulitokana na minyororo migumu iliyokwisha kujilaza upande mmoja kabla haijasokotwa, na utafiti huo ndio uliozaa Kevlar, uzi ambao kwa uzito ulio sawa una nguvu takriban mara tano ya chuma cha pua, na ambao leo hufumwa katika fulana za kuzuia risasi.