Maswali ya Wasomaji: Kijana Aliyetoka Broadway Akarudi Darasani

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na ninaishi Pittsburgh, Marekani, pamoja na mume wangu na watoto wetu. Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 14, aliwahi kuchaguliwa kuigiza katika tamthilia ya muziki huko Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, nami nikahamia naye kule. Mwaka jana alirefuka na sauti yake ikaanza kuwa nzito, mkataba haukuendelezwa, tukarudi nyumbani. Sasa ameanza darasa la tisa katika shule ya kawaida ya serikali, na mtoto niliyemjua simwoni tena. Hali chakula pamoja nasi, hataki kuulizwa habari za shule, na nimesikia kwamba wenzake humtania kwa namna anavyotembea na anavyozungumza. Hivi karibuni aliniambia, mimi peke yangu, kwamba yeye huvutiwa na wavulana, si wasichana. Baba yake hajui. Mjomba wake aliyeko Mombasa, ambaye nadhani amehisi jambo, anatushauri tumpeleke shule ya bweni huko ili anyooke na asahau mambo ya jukwaani. Je, ni jukwaa lililomharibu? Nifanye nini?
— Mama wa Kijana, Pittsburgh

JIBU: Dada yangu, barua yako inazungumza juu ya mambo mawili kana kwamba ni moja, na nadhani hapo ndipo mjomba alipopata mlango wa kuingilia. Mwanao anavutiwa na wavulana. Hilo ni moja. Mwanao amepoteza kazi. Hilo ni la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalomnyima hamu ya chakula kwa sasa.

Neno kazi nimelitumia kwa makusudi. Mtoto anayeigiza Broadway hupanda jukwaani katika ratiba ya maonyesho 8 kwa wiki, akipokezana zamu na watoto wengine pale nafasi yake inapogawanywa. Husomeshwa na mwalimu maalumu katika saa zinazobaki. Na nyuma ya jukwaa huwapo mtu mzima aliyeajiriwa kumwangalia. Sheria ya jimbo la New York iliyoanza kutumika mwaka 2004 inataka asilimia 15 ya mapato yake iwekwe katika akaunti ya amana hadi atakapokuwa mtu mzima, jambo ambalo bila shaka unalijua kuliko mimi. Huko alisahihishwa na watu waliobobea, akategemewa, akapigiwa makofi na watu wasiomjua. Kisha mwili wake, ambao hana amri juu yake, ukamwachisha kazi. Angekuwa mtu mzima, jamaa wangekuja nyumbani kumpa pole. Yeye alipewa ratiba ya masomo, na sasa anainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Je, kuna yeyote aliyempa pole? Kama hakuna, anza wewe, tena bila kuongeza kwamba nafasi nyingine zitakuja, kwa maana sauti yake bado inabadilika na hakuna anayejua itatulia wapi.

Kuhusu shule yenyewe, mji mnaoishi una bahati yake. Pittsburgh ndiko alikozaliwa mwaka 1912 Gene Kelly, mcheza dansi wa filamu aliyeeleza kwamba yeye na kaka yake, walipokuwa wadogo, walipigana mara kwa mara na watoto wa mtaani waliowazomea kwa sababu mama yao aliwapeleka darasa la dansi. Tangu mwaka 1991 hutolewa huko tuzo zenye jina lake kwa shule za sekondari za eneo hilo zinazoandaa tamthilia za muziki. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba katika shule ya mwanao, au katika shule jirani, kuna walimu na wanafunzi wanaolichukulia jambo hili kwa uzito.

Hata hivyo, usimsukume aende kuomba nafasi ya mhusika mkuu. Mwalimu akisikia habari za Broadway atatamani kumweka mbele, wanafunzi wa darasa la kumi na mbili waliosubiri zamu yao kwa miaka mitatu watamchukia, na sauti isiyotulia inaweza kumwaibisha mbele ya watu walewale wanaomtania. Ningependa kuona msimu wa kwanza akiimba katika kundi, au afadhali zaidi akifanya kazi na vijana wa taa na mandhari, ambako hakuna anayemtazama na ambako urafiki hujengeka wakati watu wanabeba mbao na kupaka rangi. Alichokosa kwa muda wote aliokuwa New York ni kuwa mwanafunzi wa kawaida asiyelipwa na asiyepimwa kimo. Hicho pia ni kitu cha kujifunza, na kina uchungu wake.

Utani anaofanyiwa usiuchukulie kuwa sehemu ya kukua. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo, kisha mpelekee mkuu wa shule barua, wala usiridhike na mazungumzo ya mdomo. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Chicago iliamua, katika kesi ya Jamie Nabozny, aliyekuwa mwanafunzi katika mji wa Ashland, Wisconsin, kwamba wakuu wa shule wanaweza kuwajibishwa wanapoacha kumlinda mwanafunzi anayeonewa kwa kuwa shoga. Shauri hilo liliishia kwa malipo ya zaidi ya dola 900,000. Wakuu wa shule wa Marekani wanaijua habari hiyo. Tena, sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 inazizuia shule za sekondari za umma zinazopokea fedha za serikali kuu, na zinazoruhusu vilabu vilivyo nje ya masomo, kukikataa klabu kimoja kwa sababu ya mada yake. Ndiyo maana katika shule nyingi kuna vilabu vinavyojulikana kwa herufi GSA, ambapo vijana kama mwanao hukutana na wenzao wanaowaunga mkono. Mwambie kwamba vipo, kisha mwachie aamue mwenyewe.

Sasa swali lako la jukwaa. Hapana, halikumharibu. Wewe uliyesomea Kenya unajua tamasha la maigizo la shule, jinsi linavyowapandisha wavulana wengi jukwaani kila mwaka, wengine wakivaa kanga na kulia kama mabibi harusi. Wengi wao leo ni mababa wenye wake na wana. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Huenda huko New York alikutana na watu wazima wanaoishi hivyo bila kificho, akapata maneno ya kukueleza jambo alilokuwa nalo tayari. Najua dini yako ina msimamo wake, na safu hii si mahali pa kutoa fatwa; lakini sijui dini inayomwamuru mama amfanye mwanawe aogope kula mezani kwake.

Asipoanza kula vizuri katika wiki chache, au akianza kusema kwamba hana haja ya kuishi, mpeleke kwa daktari bila kuchelewa. Nambari 988 hupokea simu za watu walio katika hali hiyo kote Marekani, na shirika la The Trevor Project limekuwa likiwasikiliza vijana wa aina hii tangu mwaka 1998. Habari za baba yake ni za mwanao kuzitoa. Muulize anataka lini, na kama anataka uwepo. Hadi hapo usimdokezee mtu, hata dada yako wa tumbo moja, na zaidi ya yote usiandike lolote katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Pendekezo la Mombasa likatae. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya ngono kati ya wanaume, kinatoa adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mnamo Mei 2019. Utampeleka mtoto mwenye siri hiyo kulala bwenini pamoja na wavulana asiowajua, mbali na mtu pekee aliyemwamini, huku mjomba mwenye shaka ndiye mlezi wake. Mjomba hana haja ya kuelezwa sababu zote hizi. Mwambie kwamba mtoto ameanza shule, anaendelea na masomo, na mwaka huu hamna safari.