Kigoma: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Wifi yangu wa Dar nilimchosha kwa simu karibu mwaka mzima. Kila tukizungumza namsimulia taa za huku kwetu Kigoma, ndani ya Ziwa Tanganyika. "Wifi, ukikaa juu huku Bangwe usiku unaona mji wa pili umeota majini." Mwisho akakata tiketi, akaja. Jioni ya kwanza nikampandisha kilimani na chupa ya chai na maandazi kwenye kitambaa, tukatandika khanga, tukakaa kuangalia ziwa. Mwezi ukachomoza nyuma yetu, mkubwa, mweupe kama sinia jipya. Ziwa lote likang'aa, milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo kama ukuta. Taa, hakuna hata moja. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Wifi akamaliza chai yake, akaniuliza kwa adabu zote, "Wifi, hizo taa huwa wanawasha saa ngapi?"

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, nimeolewa Ujiji, huu mwaka wa tisa. Taa nilikuwa nimeziona mara nyingi, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini siku nyingine hazipo. Tuliporudi nyumbani baba mkwe, aliyevua dagaa tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa, alicheka akashika ukuta. "Mwezi umekamilika, mwanangu. Nani aende ziwani kumulika nini?"

Dagaa na migebuka wa huku huvuliwa kwa mwanga. Taa ikimulika maji, vijidudu vinaufuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, migebuka wanafuata dagaa, na chini yao wote wavu umeshashushwa unangoja kuinuliwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ambazo mtumbwi ukipita karibu unazisikia zinavuma. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Lakini hakuna taa inayoshindana na mwezi mpevu: ziwa zima likiwa na mwanga, samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa yako. Kwa hiyo siku hizo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala na watoto wao. Giza likiingia wanarudi kazini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hata ya nauli na gesti, ni kuangalia mwezi uko wapi. Simu itakuonyesha, na anayefuata tarehe za Kiislamu hana haja ya simu. Njoo kuanzia tarehe ishirini na kitu mpaka mwezi mchanga wa siku nne au tano. Kati ya kumi na mbili na kumi na saba, ungoje kidogo. Na si suala la kupiga picha tu. Giza likiwa giza, mji mzima unabadilika: sokoni kuna dagaa wabichi, bei inashuka, mama ntilie ana migebuka ya kukuchagulia, vijana wana hela na bodaboda zinakimbia. Mwezi ukijaa utakula maharage kama uko Dodoma.

Kuna jambo jingine la kalenda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kabla ya kupanga safari ya katikati ya mwaka, uliza kwanza kama ziwa liko wazi. Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo mizuri kwa kutembea porini, njia zimekauka, lakini upepo wa kusi unalichafua ziwa mchana. Huwezi kupata vyote.

Kuhusu kufika: ndege ipo, mabasi yapo, ila mimi nitakuambia panda treni angalau upande mmoja. Watu wanapaita Kigoma mwisho wa reli na si fumbo. Reli ya Wajerumani iliteremka mpaka majini mwaka 1914 na hapo ikaishia, baada ya kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar. Chukua behewa la kulala kama mfuko unaruhusu. Saranda nunua kuku, Tabora nunua asali (nasema kama Mtabora na sioni haya), Uvinza utaona watu wanapanda na chumvi. Ila usipange kikao wala harusi asubuhi ya kufika. Bakiza siku moja ya ziada mbele na moja nyuma.

Ukishuka, usikimbilie bajaji. Geuka ulitazame jengo la stesheni ulilotoka, la Wajerumani, limesimama chini kabisa ya barabara ya Lumumba. Kisha panda barabara hiyo kwa miguu taratibu kuelekea eneo la Mwanga, chini ya miembe, ndipo utajua mji umekaaje: kichwa mlimani, miguu majini.

Bandari iko hapo hapo jirani, na ndiko ilikounganishwa Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar kwa meli na huku kwa reli, ikaundwa upya na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaona vita vinawashinda, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka mashine grisi nzito. Mtu anayezamisha chombo chake huku amekipaka mafuta, mimi naona huyo hajakata tamaa. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya karibuni imekuwa na matengenezo zaidi ya safari, kwa hiyo usiiweke kwenye ratiba mpaka umeuliza bandarini wiki hiyo hiyo.

Alfajiri moja lazima uende Katonga, kwenye mwalo wa wavuvi. Si saa tatu baada ya kifungua kinywa. Saa kumi na mbili uwe umeshafika. Vipe vinaingia, ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na wavu ukining'inia katikati, vijana macho mekundu kwa usingizi, taa zimezimwa zimeinamishwa. Akina mama wameshaingia majini mpaka magotini na mabeseni yao. Bei inakatwa pale pale, kwa sauti, na imeisha kabla hujaelewa nani kamuuzia nani. Dagaa wabichi ukiwaangalia ndani ya beseni wanapitisha mwanga, unaona mpaka uti, na harufu yao ni ya maji tu.

Hapo ndipo nilifundishwa kununua. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la wakavu, bei nzuri, nataka kupimiwa. Mama mmoja aliyekuwa anageuza wa kwake kwenye kichanja akaniita. Akachukua dagaa kumi hivi kutoka lile rundo nililolitaka, akawasugua viganjani, akafungua mikono. Mchanga umetanda kama unga. "Mwanangu, unanunua ufukwe." Waliokaushwa juu ya vichanja vya wavu ni ghali zaidi na wana haki ya kuwa ghali. Mtazame dagaa mmoja mmoja: awe wa rangi ya fedha, amenyooka, tumbo halijapasuka. Aliyegeuka mwekundu alinyeshewa, na uchungu wake hautoki hata umloweke mara tatu.

Chakula sasa. Migebuka mzima wa kukaanga, ugali wa muhogo, pilipili ya kusaga. Siku nyingine dagaa wabichi kwa mawese, na hapo naomba usiwe na haraka: mawese yachemke mpaka ile harufu nzito ipungue, kitunguu, nyanya, dagaa, ndimu mwishoni, basi. Rangi inakuwa ya machungwa iliyoiva na vidole vitabaki hivyo mpaka jioni. Mgeni anayefika Kigoma akaagiza chipsi kuku mimi namsamehe, pengine kaja na tumbo lake baya. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Ziwa linaonekana safi mpaka unaona mawe ya chini, lakini kipindupindu tumeshakiona kandokando yake.

Ujiji ni mwendo wa daladala, kilomita chache kusini. Wageni wanakwenda kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ipo makumbusho, yapo masanamu ya hao wazee wawili wakisalimiana, upo mnara wa jiwe, na miembe inayosemwa kuwa ni vizazi vya mwembe ule wenyewe. Nenda, ni nusu saa nzuri. Ila muulize mtembezaji habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley na kumsalimia kwa Kiingereza, na ni yeye na Chuma, pamoja na wenzao, waliobeba maiti ya Livingstone kutoka bara hadi pwani. Uliza pia barabara ile ya miembe ilikuwa ya nani. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Manyema ilivuka ziwa ikatua hapa, ikapita kwetu Tabora, ikaishia Bagamoyo. Mimi na mume wangu tunataniana kwamba ndoa yetu imefuata njia ile ile kinyumenyume, lakini mbele ya mama mkwe utani huo hatuufanyi. Bibi yake alikuja kutoka ng'ambo, na hakuja kwa hiari.

Ukimaliza, usipande daladala mara moja. Zunguka mitaani. Ujiji ni mji wa Kiswahili kabisa, baraza mbele ya nyumba, kahawa jioni, mwadhini, na Kiswahili chenye Kiha na Kimanyema ndani yake. Ukimsalimia Muha mtu mzima, usiwe na pupa. Salamu ina viganja na ina maswali, itimize yote ndipo useme shida yako.

Gombe nitaisema kwa ufupi maana kila mtu anaisema. Ni hifadhi ndogo, kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, na huendi kwa gari; unapanda boti Kibirizi. Ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960, akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti, na kazi ile ikaendelea hadi wakati anafariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Sisi Watanzania tunalipa kiingilio cha shilingi, nafuu sana kuliko wageni, halafu tunaishi umri mzima bila kwenda. Malipo si ya taslimu, kwa hiyo lipa au uliza namna ya kulipa ukiwa bado mjini kwenye mtandao. Boti ya abiria inayopeleka watu vijiji vya Mwamgongo na Kagunga ni rahisi kwa hela na ngumu kwa makalio. Inajaa magunia, kuku na mabati, inaondoka ikishatosheka. Ukiwa kikundi, changeni mkodi boti yenu. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anakucheka. Watoto wadogo usiwapeleke, hawataruhusiwa kuwafuata sokwe. Na ukifika, mfuko wa chakula usiuache nje hata dakika moja. Mimi nyani alichukua chapati nne na kopo la siagi, akakaa juu ya paa akalifungua kwa utulivu kuliko mume wangu.

Kwa kuogelea, ufukwe wa Jakobsen. Unalipa kuingia, ni pasafi, maji ni maangavu, mchana wa katikati ya wiki unaweza kuwa peke yako. Usiogelee penye matete wala karibu na vijiji penye maji yaliyotulia, kichocho si hadithi. Mamba nao hawatangazi. Sehemu usiyoijua, waulize watoto wa hapo wanaogelea wapi, nawe uoge hapo hapo. Kaa mpaka jua lizame. Kwetu huku linazama ziwani, nyuma ya Kongo. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutokea hapa kwenda kupigana ng'ambo ile, na mwisho wa mwaka akarudi ameshindwa. Ukitazama ile milima jioni unaona kwa nini mtu angedhani ni karibu.

Wifi alirudi mwaka uliofuata. Safari hii baba mkwe ndiye aliyechagua tarehe. Tukapanda kilima kile kile na chupa ile ile. Saa moja na nusu ikawaka ya kwanza, mbali, kama mtu kawasha kiberiti. Kisha tatu, kisha kumi, kisha mstari mzima kutoka kaskazini mpaka macho yanapoishia kusini. Alianza kuhesabu kwa sauti, alipofika mia na kitu akaacha, akajifunga khanga, hakusema kitu muda mrefu. Kwa wifi yangu hilo ni tukio.

La mwisho ni mzigo wa kurudi. Dagaa wafunge kwenye gazeti, kisha kiroba, kisha mfuko mwingine, maana ndani ya behewa mna majirani. Mawese yanunue ya nyumbani, mazito, ambayo asubuhi ya baridi yanaganda chini ya dumu. Ila usifanye tulivyofanya sisi. Wifi niliyafungia kwenye ndoo ya lita kumi, kifuniko nikakigonga kwa ngumi, nikaona imetosha. Alinipigia akiwa Morogoro. Hakusalimia. "Wifi, lile gauni la sare ya harusi lilikuwa jeupe." Kwanza nailoni mdomoni mwa ndoo, nailoni mbili, ndipo kifuniko, ndipo selotepu kuzunguka, na ndoo isimame chini, mbali na begi la nguo.