Maswali ya Wasomaji: Kuuchangamsha Mtaa Uliopoa

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaa wetu zamani ulijaa mafundi cherehani, wauza kanga na mafundi baiskeli, lakini leo fremu nyingi zimefungwa na ikifika saa moja jioni njia huwa giza tupu. Kikundi chetu cha vijana kimeahidiwa fedha kidogo na wafanyabiashara wazaliwa wa hapa, ili kipande cha barabara kigeuzwe mahali pa watu kukaa na kushiriki, badala ya kupita tu. Wapo wanaotaka chemchemi yenye taa za rangi, na wapo wanaotaka skrini kubwa. Tuanzie wapi? (Mkazi wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Chemchemi iacheni. Ninalisema hili mapema kwa sababu pampu ikiungua, na huungua, hubaki beseni la zege lenye maji ya mvua na mazalia ya mbu, huku kila mtu akiuliza ufunguo wa kisanduku cha umeme uko kwa nani. Skrini nayo huwaelekeza watu wote upande mmoja, kama wanavyokaa sebuleni kwao, na hakuna anayepata sababu ya kuzungumza na jirani.

Nafasi shirikishi ni ile ambayo mtu akifika anaibadilisha kidogo kwa mkono au mwili wake, na badiliko hilo linamvuta mtu wa pili. Mwaka 2011 mjini Montréal, Kanada, wabunifu walitundika bembea 21 kandokando ya barabara katikati ya mji, kila moja ikitoa sauti ya ala ya muziki inapobembea. Anayebembea peke yake hupata sauti chache, bali wakibembea kadhaa kwa mwendo mmoja hutokea melodia ambayo mmoja hawezi kuipata, na kwa hiyo watu wasiojuana hujikuta wakisikilizana na kufuatana. Bembea hizo zilipendwa hata zikawa zinarudishwa kila majira ya kuchipua.

Ninyi hamhitaji vifaa vya namna hiyo, kwa kuwa bao linaifanya kazi ileile: wachezaji wawili, na watazamaji kumi wanaojiona wanajua kuliko wachezaji. Mwagizeni fundi afinyange meza ya zege yenye mashimo 32, na nyumba mbili ziwe za mraba kama ilivyo desturi, kisha wekeni kete 64 za komwe. Komwe zikipotea huokotwa tena pwani, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu pampu ya chemchemi. Ila msiishie kwenye bao. Baraza za kahawa na dhumna zimezoeleka kuwa za wanaume, na mkijaza kipande chote kwa michezo hiyo mtakuwa mmejenga kijiwe kingine ambacho akina mama na wasichana watakipita kwa haraka wakiangalia chini. Waulizeni wao wangekaa wapi, saa ngapi na wakifanya nini, na muwaulize kabla ya mchoro wa kwanza kuchorwa. Pengine watataka ukuta ambao watoto wanaweza kuuchora kwa chaki huku wao wakisukana kivulini.

Kinachotangulia yote hayo ni pa kukaa. Katika miaka ya 1970 mtafiti William H. Whyte aliwachunguza watu katika viwanja vidogo vya New York, akaona kwamba watu hukaa zaidi palipo na mahali pa kukaa, jambo ambalo wasanifu wengi walikuwa wamelisahau. Aliona pia kuwa mtu akikuta kiti kinachohamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukikalia, hata kama hakuna sababu inayoonekana. Kwa kukisogeza anakuwa amekifanya chake. Mji huohuo ulipofunga sehemu ya Broadway kwa magari katika eneo la Times Square, Mei 2009, samani za kudumu hazikuwa tayari, hivyo vikaletwa viti vya bustani vya kukunja vya bei ndogo, na watu wakavijaza. Mwaka uliofuata meya akatangaza kwamba mpango huo utadumu, na kazi ya ujenzi wenyewe ikaja baadaye.

Nanyi anzeni na jaribio. Hakuna haja ya kumfundisha Mtanga namna ya kufunga barabara, kwani kila penye msiba au harusi turubai husimamishwa, viti vya plastiki hukodiwa, na bajaji huzunguka mtaa wa pili bila ugomvi. Fanyeni vivyo hivyo jioni za Jumapili kwa mwezi mmoja au miwili, mkipitia kwa mwenyekiti wa mtaa, na TARURA pia, ambayo ndiyo yenye dhamana ya barabara za mitaa. Katika kipindi hicho andikeni kivuli cha alasiri kinaangukia upande gani, wazee wanasogezea viti wapi, na maji ya mvua yanatuama wapi. Hapo ndipo mtajua mahali pa kujenga benchi la kudumu na mahali pa kupanda mkungu au mwarobaini. Acheni katikati njia ya gari la zimamoto na la wagonjwa, na msifunike mtaro.

Kuhusu fremu zilizofungwa, waombeni wenye nazo wawaachie moja au mbili jioni hizo kwa kodi nafuu au bila kodi, ili fundi cherehani au fundi baiskeli afanye kazi mlango ukiwa wazi na taa ikimulika nje. Mimi ningetumia fedha za taa hapo kabla ya kununua nguzo za mapambo.

SWALI: Sisi Mji wa Kale, Mombasa, tunaambiwa kwamba ili barabara ipendeze lazima wachuuzi waondolewe. Je, ni kweli? Na baada ya ufunguzi, nani atapatunza? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Si kweli. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, na wauza vyakula wakarudi. Jioni watu wanafuata mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa, kisha ndipo wanakaa kutazama bahari. Waondoe wauzaji, na bustani itabaki ya kupigia picha. Wanachohitaji wachuuzi ni sehemu iliyopangwa, maji safi, pa kumwaga maji machafu na pa kutupa taka.

Juu ya matunzo, watazameni jirani zenu wa Dandora, Nairobi, ambako nyumba nyingi zimejengwa kuzunguka nyua za pamoja. Vijana walisafisha nyua zilizokuwa zimejaa taka, wakapanda miti na kuweka michezo ya watoto, nao wakazi wakakubali kutoa ada ndogo ya usafi na ulinzi. Kwa upande wenu mchuuzi anaweza kulipa sehemu ya ada hiyo kwa kazi: anayefungua wa kwanza anafagia, na anayefunga wa mwisho anakusanya viti. Majina yao na zamu zao yabandikwe ukutani, ili msomaji yeyote anayekuta kiti kimevunjika ajue amwendee nani.